Kibali cha Mfuko wa Saruji

Mkazi wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, anayetaka kuezua paa bovu na kuweka mabati haanzi kwa fundi, anaanza kwa kibali. Humo, ujenzi wa kudumu unahitaji idhini ya Mamlaka ya Hifadhi, na miaka ya karibuni wakazi wamelalamika kuwa idhini hiyo haipatikani. Aprili 2021 Mamlaka ilitoa notisi za kubomoa majengo mengi, zikiwemo shule na zahanati, kwa maelezo kwamba hayakuwa na kibali. Kelele zilipozidi, ikazisitisha.

Serikali ina hoja nzito. Eneo hili la takriban kilomita za mraba 8,300 ni Urithi wa Dunia tangu 1979. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 wakazi walikadiriwa kuwa 8,000. Sasa wanakaribia 100,000. Mji ukiota kwenye mapito ya nyumbu, hauondoki tena.

Hoja hiyo inahusu kutanua makazi. Kuziba paa ni jambo jingine.

Nyumba ya Kimaasai hujengwa na wanawake: fito husimikwa na kufungwa, kisha hukandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Masika ikipiga, udongo humomonyoka na mwenye nyumba hulazimika kukandika upya. Mchwa wakila fito, anaingia tena porini kukata nyingine. Chumba cha matofali ya saruji chenye ukubwa uleule kingeiachia misitu miti mingi zaidi. Kwa hiyo katazo linalotajwa kuwa la kulinda mazingira linamrudisha mtu msituni kila mara. Wakati huohuo, ukingoni mwa kreta zimesimama hoteli za mawe na saruji, na wageni wanalala humo bila hofu ya kuvujiwa.

Kinachotia shaka zaidi kiko Msomera, wilayani Handeni. Tangu 2022 Serikali imejenga huko nyumba imara za vyumba vitatu kwa wanaokubali kuhama Ngorongoro. Mwaka huohuo, sehemu ya fedha zilizotengewa huduma za jamii Ngorongoro ilielekezwa Handeni. Serikali inasema uhamaji ni wa hiari. Lakini familia ikinyimwa paa zima huku na kuahidiwa nyumba mpya kule, hiari hiyo ina shinikizo ndani yake.

Sheria ya Hifadhi inaipa Mamlaka majukumu kadhaa, yakiwemo haya matatu: kuhifadhi maliasili, kukuza utalii na kulinda maslahi ya Wamaasai. Ukomo wa idadi ya majengo unaweza kukaa ndani ya majukumu hayo. Katazo la matengenezo linalikiuka la tatu. Njia ipo: nyumba zilizopo ziorodheshwe, kila moja iruhusiwe kukarabatiwa kwenye msingi wake bila kuongezwa, na maombi yajibiwe kwa maandishi ndani ya muda maalumu, sababu za kukataa zikitajwa. Kama Serikali inataka watu wapungue, iwaeleze hivyo kwenye mkutano wa kijiji, nao wapate nafasi ya kujibu.