Nani Anamngoja Getini?

Wadogo zangu mnaosomea ustawi wa jamii, nanyi wazazi mnaowauliza kama hiyo nayo ni kazi, nawaandikia kutoka Uingereza. Kumsaidia aliyemaliza kifungo, au mtu mzima aliyelemewa na maradhi ya akili au ulevi, wengi wetu tunakuita sadaka. Mimi nakuhesabu ufundi, na ufundi huo hupimwa zaidi katika siku za mwanzo.

Tazameni Ijumaa ya huku. Kwa miaka mingi wafungwa wengi wa England na Wales walifunguliwa siku hiyo. Mtu anatoka na mfuko wa plastiki wenye nguo zake na posho ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa pauni 46, hadi ilipopandishwa kuwa 76 mwaka 2021. Kabla ofisi hazijafungwa awe ameripoti kwa afisa wa uangalizi, ameomba makazi halmashauri na, kama anatumia methadoni wanayopewa waraibu wa heroini, ameipata dawa. Akikosa basi moja, huenda akalala nje mpaka Jumatatu. Ilibidi Bunge litunge sheria, mwaka 2023, kuruhusu watu wa namna hiyo watolewe hadi siku mbili za kazi kabla ya siku yao. Lakini sheria haimpokei mtu. Anayempokea ni mfanyakazi wa hosteli ya waliotoka kifungoni aliyekwisha kupiga simu tangu jana, anayejua kwamba barua iliyokaa mfukoni bila kufunguliwa si lazima iwe jeuri. Pengine mwenyewe hajui kusoma na anaona haya kusema.

Mtauliza: vijana wasio na hatia hawana ajira, iweje tuwahangaikie wahalifu? Swali halali. Ila kifungo kina mwisho, na mtu huyo atarudi mtaani tupende tusipende. Mwaka 2019 serikali ya huku ilikadiria kuwa makosa ya kurudia yanaigharimu jamii takriban pauni bilioni 18 kwa mwaka. Viongozi wa huku nao wamekosea: mwaka 2014 waliikabidhi sehemu kubwa ya uangalizi kwa kampuni binafsi, mambo yakaharibika, wakairudisha serikalini 2021. Kumbe hata matajiri hubahatisha.

Wengine watasema kwetu familia inatosha. Mara nyingi familia ndiyo iliyoibiwa au kupigwa, na mama hawezi kuwa mlalamikaji, mdhamini na mlinzi kwa wakati mmoja. Sheria tunazo: Kenya ina ya uangalizi tangu miaka ya 1940, Tanzania ina ya bodi za parole ya 1994 na ya huduma kwa jamii ya 2002. Zinahitaji watu.

Mshahara si wa kujengea ghorofa, siwadanganyi. Huku wengi huanzia zamu za usiku hosteli, bila shahada. Anayetaka uafisa wa uangalizi husoma akiwa kazini miezi 15 au 21. Nyinyi anzeni na gereza lililo karibu. Muulizeni mkuu wake: mtu akifunguliwa Ijumaa, anaondoka na nini mkononi, na nani anamngoja getini?