Hiyo limiti ni ya mamako



Nikuulize kitu, na usijibu haraka. Ile laini unayokopea imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?

Wengi wetu tunajua jibu. Cha mama. Cha nyanya. Cha shangazi aliyekupa ID yake ulipokuwa bado shule, ukitaka tu laini ya kupigia simu. Ukaanza M-Pesa, ukawasha Fuliza, kisha ukajifunza mchezo ambao kila kijana mtaani anaujua: unamtumia rafikiyo elfu tano, anakurudishia, unamtumia tena, asubuhi na jioni, ionekane kuna biashara. Unakopa kidogo, unalipa mapema, unangoja limiti ipande. Mwisho wake nyanya wa miaka sabini, anayeuza viazi karai mlangoni, machoni pa benki amekuwa mfanyabiashara wa kuzungusha laki.

Watu wanaita hiyo ujanja. Mimi naona ni ushahidi wa uongo. Alama ya mkopo ni jibu la swali moja tu: huyu akikopeshwa, atalipa? Metropol hulijibu kwa namba kati ya 200 na 900. Sasa ukiipandisha kwa pesa inayozunguka bure baina ya simu mbili, umejibu kwa kinywa cha mtu mwengine, tena jambo ambalo si kweli.

"Lakini hao wakopeshaji wenyewe wanatunyonya." Najua. Na habari ya riba, kamuulize ustadh wako, haibadiliki kwa kuitwa ada. Lakini katika shughuli hii yote kuna mtu mmoja ambaye hajakunyonya hata senti, naye ni mwenye kitambulisho.

Hebu fikiria mambo yakiharibika. Fuliza haibishi hodi. Pesa ikiingia kwenye laini, deni linakatwa papo hapo. Kama hiyo ndiyo laini ya nyumba nzima, na dada yako aliye Saudia katuma pesa ya dawa ya mama, dawa imelipa deni lako.

Kisha kuna CRB. Mkopeshaji anatakiwa atoe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina la mtu kama mdaiwa mbaya. Notisi hiyo itatumwa wapi? Kwa simu. Na simu iko na nani? Iko mfukoni mwako. Yaani mama anaandikwa vibaya, na onyo lililokuwa limfikie yeye umelisoma wewe, ukalifuta. Atakuja kujua siku anaomba mkopo wa kuezeka nyumba, mbele ya karani, na hataelewa anaambiwa nini.

Simaanishi kwamba kusaidiana ni vibaya. Dini yetu inaijua dhamana. Abu Qatada alipobeba deni la maiti ili Mtume (s.a.w.) amsalie, alisimama mwenyewe akatamka mbele za watu. Alijua ni deni la nani, akajua kwamba sasa mdai atamtazama yeye. Mama yako amesimama wapi? Amelala chumba cha pili, hajui kitu.

Na si sisi tu. Marekani mchezo huu una soko kabisa. Huko mtu anaweza kuongezwa kwenye kadi ya mkopo ya mwengine, na historia nzuri ya kadi ikaingia kwenye rekodi yake. Wakatokea madalali wa kuuza nafasi hizo kwa watu wasiojuana hata kwa sura. Mwaka 2007 FICO, kampuni ya kutoa alama, ilitangaza kwamba haitazihesabu tena, lakini mwaka uliofuata ikarudi nyuma, kwa kuwa kanuni zilizotokana na sheria ya 1974 ya usawa katika mikopo zinalinda historia ya wanandoa wanaotumia akaunti moja. Tazama tofauti: mke anaitumia kadi ile kweli, na mume anajua.

Sasa upande wa pili, maana sitaki nionekane nawapiga vijana peke yao. Wengine hawakuazima kitambulisho kwa ujanja. Hawakuwa nacho. Pwani na Kaskazini Mashariki tunajua msako ule wa karatasi, kijana anaulizwa cheti cha babu yake ndipo aaminike ni Mkenya. Februari 2025 Rais alitia saini tangazo la kuondoa ukaguzi huo wa ziada katika kaunti za mpakani, na tutaendelea kuuliza kama kila afisi imelisikia. Kijana aliyenyimwa ID analazimika kuishi kwa ID ya wengine, na hiyo ni dhulma ya serikali kabla haijawa kosa lake. Lakini mama yako siye aliyekunyima.

Kwa hivyo ukishapata kitambulisho chako, sajili laini yako. Itaanza na limiti ya sifuri. Wacha ianze sifuri. Na yule wa Telegram anayekwambia "nipe PIN nikupandishie", huyo hata usimjibu.

Leo baada ya Isha, keti na mama. Mwambie kuna laini, kuna deni, na ni kiasi gani. Kwa Safaricom, *106# itamuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ripoti ya CRB ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Msaidie aiombe, muisome pamoja, umfasirie pale asipoelewa.

Huenda akakasirika. Huenda pia akakwambia, mwanangu, itumie tu, lakini ulipe. Hapo atakuwa amesema mwenyewe.