Vijana Wetu, Simu na Sitara

 

Mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo wazee wengi wa Ngara na Biharamulo wanalichukulia kuwa ni mchezo wa watoto, nalo ni ile tabia ya kuweka kila kitu kwenye mitandao ya kijamii. Hatukusudii kuwakataza vijana simu. Sisi wenyewe tunazo, matangazo ya madrasa yetu hupita humo humo, na kundi letu la WhatsApp lina maneno mengi kuliko mkutano wowote wa wazazi tuliowahi kuuitisha. Tunalotaka kusema ni kwamba kijana anaweza kujizibia mlango wa riziki kwa mkono wake mwenyewe, na mara nyingine kwa jambo lisilo na dhambi yoyote ndani yake.

Tuanze na lililotufika. Kijana mmoja aliyehitimu hapa kwetu (jina tunalihifadhi, naye ameturuhusu tulieleze) alisomea ualimu, akakaa nyumbani zaidi ya mwaka bila kazi, hatimaye akapata nafasi katika shule moja ya binafsi. Alipopewa barua ya ajira, kabla hata hajaisaini, aliipiga picha akaiweka kwenye "status" ya WhatsApp na kuandika Alhamdulillah. Barua ilikuwa na muhuri wa shule na kiasi cha mshahara. Siku ya usaili alikuwa amebadilishana namba na walimu wawili wa pale, basi nao wakaiona. Ilipofika Adhuhuri chumba kizima cha walimu kilikuwa kinajua kwamba mgeni atalipwa kuliko wenyeji. Alasiri akapigiwa simu kuambiwa kwamba nafasi imesitishwa. Aliifuta ile picha haraka, lakini mmoja alikwisha kuihifadhi kwenye simu yake na kuisambaza.

Hatusemi kwamba shule ile ilitenda haki. Kuficha mishahara ili watu wasijue wanavyopunjwa ni jambo lenye maswali yake, na in shaa Allah siku moja tutalizungumza. Lakini kijana wetu hakuiweka ile barua ili kuwatetea walimu wenzake. Aliiweka kwa furaha tu.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Nabii Yaaqub (a.s.). Yusuf (a.s.) alipomweleza baba yake ndoto aliyoota, mzee alimwasia asiwasimulie ndugu zake, kama tunavyosoma katika Surat Yusuf, aya ya 5. Ndoto ile ilikuwa ya kheri tupu, wala hapakuwa na aibu ya kuificha. Mzee aliwajua wasikilizaji. Vijana wetu wengi hawawajui wasikilizaji wao. Mtu ana marafiki mia nane wa Facebook, na ukimuuliza ni wangapi kati yao amewahi kula nao, hafikishi thelathini.

Hiyo ni kheri. Je, mambo ya aibu? Iko hadithi ya Abu Huraira (r.a.), imo katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) anafundisha kwamba umma wake wote una tamaa ya msamaha isipokuwa wale wanaojitangaza: mtu hutenda kosa usiku, Allah akamsitiri, kisha kunapokucha yeye mwenyewe akalisimulia. Zamani tulipokuwa tukisomeshwa hadithi hii tulidhani ni habari ya mlevi anayejisifu barazani. Leo tunaiona kila Jumapili asubuhi kwenye simu. Kijana anajirekodi katika sherehe ya usiku, analala, anaamka watu mia mbili wameshaona. Akitubu kwa ikhlasi, tunataraji Mola wake atamfutia. Video iliyokwisha kuingia katika simu ya mtu mwingine haifutwi kwa istighfari.

Na wanaohukumu si Waislamu peke yao. Mwezi Oktoba 2018 Bodi ya Filamu Tanzania ilimfungia mwigizaji mmoja mashuhuri kujihusisha na kazi za filamu kwa muda usiojulikana, baada ya video yake ya faragha kuonekana kwenye ukurasa wake wa Instagram, na mwezi uliofuata akafikishwa Mahakama ya Kisutu. Kila mtu analijua jina lake. Sisi hatulitaji, kwani ingekuwa ni kichekesho kuhimiza sitara huku tunachimbua ya mwenzetu. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu jela au faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno machache aliyoandika Facebook dhidi ya Rais, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya sheria ile, lakini kijana anayeandika kwa hasira usiku wa manane ajue kwamba ipo.

Wako wanaojibu: sisi tuna kundi letu la siri, hakuna mgeni humo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliwafutia nafasi wanafunzi wasiopungua kumi waliokwisha kukubaliwa, kwa sababu ya mizaha michafu waliyotumiana katika kundi la faragha la Facebook. Tena tangu mwaka 2019 anayeomba viza ya Marekani hutakiwa kuandika majina anayotumia mitandaoni kwa miaka mitano iliyopita, na mwezi Juni 2025 waombaji wa viza za masomo waliagizwa wafungue kurasa zao zisomwe na maofisa. Wanafunzi wetu wanaoota kusoma ng'ambo wanaelewa uzito wa jambo hili.

Tukirudi nyumbani, vijana wetu wengi wanatafuta riziki mipakani, Rusumo na Kabanga, katika ofisi za mawakala wa forodha. Mmoja anajipiga picha mezani ili ndugu waone anavaa tai, kumbe nyuma yake zinasomeka hati za mzigo wa mteja. Tajiri gani atamwamini tena? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina na namba ya simu ya mteja si mapambo ya picha. Kuna na utani wa utaifa. Kihangaza na Kirundi ni ndugu, na sisi hutaniana sana juu ya nani katoka ng'ambo ipi ya mto. Utani huo barazani hucheka na kupita. Ukiandikwa mtandaoni na kijana ambaye kesho ataombwa uthibitisho wa uraia ili apate kitambulisho cha taifa, hakuna wa kumweleza ofisa kwamba ulikuwa utani.

Lakini tusiwatwishe vijana mzigo wote. Nani aliyewazoesha? Mtoto anazaliwa, picha yake iko mtandaoni kabla ya akika. Akipata maradhi ya ngozi, mama anaomba dua kwa kuonesha kidonda. Sisi walimu nasi tulikosa. Mwaka jana tulibandika matokeo ya mtihani wote kwenye kundi la wazazi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, tukidhani tunawatia watoto bidii. Binti aliyekuwa wa mwisho alikuja wiki moja tu, kisha hakuonekana tena. Tulipokwenda kwao, mama yake alitufungulia ile orodha kwenye simu yake, akatuonesha na vichekesho ambavyo watoto wa mtaani walikuwa wamechora juu ya jina la mwanawe. Tuliomba radhi. Binti bado hajarudi, na mlango uko wazi kwake siku yoyote.

Kuanzia muhula ujao matokeo yatatolewa kwa bahasha, na mzazi ataichukua mwenyewe ofisini baada ya swala ya Ijumaa. Wazazi walioko mbali, upande wa Rulenge na Kabanga, watapigiwa simu na mwalimu wa darasa, mmoja mmoja.