Rangi inayooza chini ya mzambarau

Mtoto aliyekula zambarau hana pa kujificha, ulimi unamsuta. Fulana yake ikisuguliwa kwa sabuni, doa hugeuka kibuluu. Likikamuliwa ndimu, linarudi kuwa jekundu. Kinachojigeuza hapo ni rangi za tunda ziitwazo antosianini, za ukoo wa polifenoli, zile zile ambazo wauza virutubisho huzinadi kama antioksidanti za kurudisha ujana.

Msimu ukifika, zambarau hupukutika na kupondwa na wapita njia. Halisafiri tunda hili.

Ila rangi yake inaweza kusafiri, na kuitoa hakuhitaji sumu. Maabara nyingi zimezoea methanoli, ambayo imewapofusha na kuwaua wanywaji wengi wa pombe haramu. Njia safi hutumia maji, asidi kidogo ya limau na spiriti inayotengenezwa kwa molasi ya miwa. Maganda yaliyokaushwa na kusagwa hulowekwa humo, kisha mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii hupasua seli zake. Kazi ya saa nzima huisha kwa dakika chache, bila moto mkali, na ni heri, maana joto huiharibu rangi.

Wengi hushangilia hapo, mapema mno. Maji hayo yamejaa sukari. Ukiyakausha unapata kitu cha kunata kama gundi. Kwa hiyo hupitishwa kwenye mrija wenye chembe za resini: rangi inang'ang'ania, sukari inaoshwa kwa maji, halafu spiriti inakuja kuibandua rangi. Spiriti hiyo huvukizwa, ikapozwa, ikarudi kazini. Kiwanda kinachoiachia ipotelee hewani kisijiite cha kijani.

Na kiuze nini? Si dawa. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa mtandaoni orodha yake ya vyakula na nguvu zao za antioksidanti, kwa kuwa wafanyabiashara waliitumia vibaya na vipimo vya maabara havikuthibitisha faida mwilini. Rangi ndiyo yenye soko la kweli. Januari 2025 Marekani hiyo hiyo ilipiga marufuku rangi nyekundu namba 3 kwenye vyakula, ikawapa watengenezaji hadi Januari 2027 kutafuta mbadala.

Mbadala unaotokana na zambarau utafaa kwenye juisi, jamu na mtindi, vitu vyenye uchachu. Mwokaji asijaribu kuutia kwenye keki ya magadi: itatoka na ubuluu ule ule wa fulana.