Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo latosha kufungua shauri letu la leo, nalo ni hesabu za mashirika ya ndege. Wapo wasemao kwamba jambo hili ni la wahasibu wa Dar es Salaam, wala halimhusu mfanyakazi au mkulima wa Biharamulo na Ngara, ambaye pengine hajapata kupanda ndege. Sisi hatukubaliani nao. Fedha inayoziba pengo la shirika la umma hutoka mfukoni mwa kila mlipa kodi, na mwenye mali haombi ruhusa kutazama daftari lake.

Tuchukue mfano ulio karibu. Nyakanazi ni njia panda: malori yatokayo Kahama hupita hapo kwenda Rwanda na Burundi, na mengine hugeuka kuelekea Kakonko na Kigoma. Tuseme mtu wa hapo amekodi lori kwa miaka 6, kwa shilingi milioni 3 kila mwezi, na mkataba haumruhusu kulirudisha kabla ya muda wake. Akiulizwa anadaiwa nini, aweza kujibu kwamba hadaiwi kitu, kwa kuwa lori si lake. Yeye hulipa kodi ya mwezi tu. Lakini amekwisha kujifunga kulipa shilingi milioni 216, lori litembee au lilale. Je, mtu huyo hana deni?

Kwa miaka mingi mashirika ya ndege ulimwenguni yalijibu kama mtu huyo. Kanuni za zamani ziliruhusu ndege iliyokodiwa kwa matumizi, pasipo nia ya kuimiliki, isionekane katika mizania. Kodi iliandikwa kila mwezi kuwa gharama, basi. Shirika liliweza kurusha ndege nyingi, na mizania yake isioneshe ndege hizo wala deni lake. Bodi ya kimataifa inayotunga kanuni za uhasibu ilikadiria kwamba makampuni yaliyoorodheshwa katika masoko ya hisa yalikuwa na ahadi za kodi za namna hii zipatazo dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 ya ahadi hizo hazikuonekana katika mizania zao.

Ndipo ikatolewa kanuni mpya Januari 2016, iitwayo IFRS 16, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa kanuni hii, mkodi huandika mambo mawili: haki ya kutumia ndege huiandika kuwa mali, na kodi zote zilizosalia, zikipunguzwa kwa kiwango cha riba, huziandika kuwa deni.

Turudi kwa lori letu. Ikiwa riba ni asilimia 1 kwa mwezi, deni la mwanzo ni kama shilingi milioni 153, na mali ni kiasi hicho hicho. Mwaka wa kwanza uchakavu utakula milioni 25.6 na riba milioni 17.4, jumla milioni 43, ingawa fedha iliyolipwa ni milioni 36 tu. Mwaka ukiisha, mali imebaki karibu milioni 128 na deni karibu milioni 135. Mtaji wa mkodi umepungua kwa milioni 7. Mwaka wa 6 gharama itashuka hadi milioni 28 hivi. Jumla ya miaka yote ni ile ile milioni 216. Fedha haikuzidi wala haikupungua. Kilichozidi ni ukweli.

Majirani zetu wa Kenya wameyaona haya waziwazi. Kenya Airways ilipoanza kutumia kanuni hii mwaka 2019, hasara yake iliongezeka kutoka takriban shilingi za Kenya bilioni 7.6 hadi karibu bilioni 13, na kanuni hiyo ilitajwa miongoni mwa sababu. Kadhalika, kodi za ndege kwa kawaida hulipwa kwa dola. Deni likisha kuandikwa, kila shilingi ishukapo, deni hukua. Mwaka 2023 shirika hilo lilipata faida ya bilioni 10.5 katika uendeshaji, lakini likamaliza mwaka na hasara ya bilioni 22.7, kwa sababu kubwa ya kuanguka kwa shilingi dhidi ya dola.

Na sisi je? Mwaka 2007 shirika letu la ATCL lilikodi ndege ya Airbus A320 kwa miaka 6. Ndege hiyo iliruka miezi michache, kisha ikapelekwa Mauritius kwa matengenezo makubwa. Kodi haikungoja matengenezo. Kwa kuwa Serikali ilidhamini mkataba huo, deni likawaangukia wananchi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tangu 2016 Serikali imenunua ndege mpya, zikaandikishwa kwa jina la Wakala wa Ndege za Serikali, nao ukaikodisha ATCL. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Wengine wamezichukua tarakimu hizo kuwa fimbo ya kulipigia shirika, wengine wamezipuuza. Twaona pande zote mbili zimekosea. Kodi ikiwa kubwa mno, sehemu ya hasara imetokana na mkataba na si uvivu wa rubani wala fundi. Ikiwa ndogo mno, hata faida ikipatikana itakuwa zawadi ya Hazina. Kwa hiyo kitabu cha mkodishaji na kitabu cha mkodi hapana budi visomwe pamoja.

Wala tusidhani kwamba kanuni mpya imefunga kila mlango. Mkataba usiozidi miezi 12 waweza kuachwa nje ya mizania. Kodi inayolipwa kwa saa za kuruka, kama Kenya Airways ilivyokubaliana na wakodishaji wake wakati wa janga la korona, nayo haihesabiwi katika deni hilo. Huenda ni mapatano mema, maana ndege ikilala hailipiwi. Lakini yampasa msomaji asome maelezo yote, asiishie jumla ya chini.

Shauri letu ni fupi. Kila mkataba wa ndege inayodhaminiwa na umma uelezwe: muda wake, sarafu yake, na nani hubeba kodi ndege ikiwa chini. Maelezo hayo yatolewe kwa Kiswahili, ili fundi wa karakana na mkulima wa Nyakanazi wapate kuuliza maswali. Ndege ni fahari ya nchi, nasi tunaipenda fahari hiyo. Lakini fahari isiyo na hesabu ni karamu ya mkopo: wageni hula na kwenda zao, mwenye nyumba hubaki na mdai mlangoni.