Uvira: Mgonjwa asiitwe mvivu kazini

Kuna ugonjwa ambao mtu huamka mzima, na ikifika saa saba mchana miguu inakataa. Sklerosi ya plaki hutokea kinga ya mwili inaposhambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Kwa wengi huja na kuondoka, na joto huzidisha udhaifu. Joto la Uvira halihitaji maelezo. Mkubwa wa kazi akimwona karani anashindwa kusimama Jumatatu, kisha Jumatano anatembea vizuri, anasema ni mvivu. Mtaani watasema amerogwa.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 haimruhusu mwajiri kuvunja mkataba kwa sababu ya ugonjwa mpaka ipite miezi sita mfululizo ya kutoweza kufanya kazi. Inamsaidia anayelala kitandani moja kwa moja. Lakini anayekosa siku tatu mwezi huu na wiki moja mwezi ujao huhesabiwa mtoro. Na mbeba mizigo wa Kalundu, au mama anayeuza ndagala, hana hata mkataba wa kuvunjwa.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria ya kulinda watu wenye ulemavu. Ofisi za serikali Uvira zianze kuitumia, kisha makampuni na mashule yafuate. Kiti, kivuli, kazi nzito ifanywe asubuhi: gharama iko wapi? Cheti cha daktari kipokelewe hata kikiwa cha siku tatu, na mfanyakazi aitwe waongee saa zake kabla barua ya kumfukuza haijaandikwa.