VUMBI HALIOMBI RUHUSA MPAKANI

Katikati ya Machi 2022 mbingu za Hispania na Ufaransa ziligeuka rangi ya chungwa. Vumbi lilifunika magari, madirisha na hata theluji ya milimani. Watu wakauliza: limetoka wapi? Picha za setilaiti na hesabu za pepo zilifuata njia yake kama msasi afuatavyo nyayo. Lilitoka Sahara, kusini mwa Algeria, pande za Reggane.

Jina hilo twalijua. Hapo ndipo Wafaransa walipolipua bomu lao la kwanza la atomiki, tarehe 13 Februari 1960, lenye nguvu zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Afrika ilikuwa imekwisha kukataa. Februari ni majira ya harmatani, upepo utokao jangwani kwenda Afrika Magharibi, na watu wa huko walijua utabeba nini. Hawakusikilizwa. Ghana ikazuia mali za Wafaransa. Hata hivyo, hadi 1966 mabomu 17 yalilipuliwa katika Sahara: manne hewani Reggane, 13 chini ya ardhi huko In Ecker.

Basi wengi walidhani kwamba vumbi la 2022 limemrudishia Mfaransa bomu lake. Wajuzi hawakutosheka na dhana. Walikusanya vumbi lililookotwa na wananchi wa nchi kadhaa za Ulaya, wakalipima. Kila taifa lenye mabomu huacha alama yake katika plutoniamu, kama mhunzi aachavyo alama katika jembe. Majibu yalitangazwa 2025: sumu iliyomo ni kidogo, haidhuru afya; na alama yake, kwa sehemu kubwa, si ya Ufaransa. Ni ya Marekani na Urusi ya Kisovieti, ambazo mabomu yao makubwa yalirusha majivu juu kabisa angani, yakaenea duniani kote, yakaangukia hata mchanga wa Sahara.

Watakuwapo watakaosema kwamba Ufaransa imetakasika. Sisi twasema, la! Vumbi lililoangukia Ulaya ni kesi moja; ardhi ya Reggane na In Ecker ni kesi nyingine. Tarehe 1 Mei 1962 bomu la In Ecker lilipasua mlima, wingu la sumu likatoka nje. Taka zilifukiwa mchangani. Mwaka 2021 mkuu wa jeshi la Algeria aliwadai Wafaransa waziwazi ramani za mahali zilipofukiwa. Sheria yao ya fidia ya 2010 imewafikia Waalgeria wachache mno.

Wananchi, tushike mambo mawili. Kwanza, tusiogope kipimo. Mwenye haki akimshtaki mtu kwa kosa ambalo si lake, humpa njia ya kuponyoka na lile lililo lake. Pili, tusikubali kuambiwa tena kwamba jangwa ni tupu. Sahara ina wenyewe, na imebebeshwa uchafu wa mataifa matatu makubwa, wala haikuulizwa na hata moja.

Twataka ramani zitolewe zote. Twataka taka zisafishwe kwa gharama ya aliyezifukia. Twataka wagonjwa walipwe wangali hai. Upepo hauna siri: vumbi limeonyesha lilikotoka. Waliobaki kunyamaza ni watu.